Mikuni VM28 kwenye DT 175 ya zamani: uzoefu wangu, Mbeya hadi Kyela

Nianze na jibu, maana wengi mtakaosoma hapa mna fedha mkononi na mnasita. Kabureta ya Mikuni VM28 (kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia injini) ni kitu kizuri, na kwa mtu anayejenga pikipiki ya mbio ya kizamani nyumbani kwake inastahili bei yake. Ila kwa sisi tunaoishi huku juu, milimani Mbeya, kabureta hiyo bila boksi la jeti, vile vipande vya shaba vyenye tundu la kupimia petroli, ni pambo la mezani. Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu, nunua jeti na ubaki na kabureta uliyonayo.

Pikipiki yangu ni Yamaha DT 175, zile walizokuwa wakipanda mabwana shamba na mapadri kabla ya zama za Boxer na SanLG. Injini ya mipigo miwili, silinda moja, pistoni ya milimita 66 inayotembea milimita 50, jumla cc 171. Niliikuta Tukuyu kwa mzee mmoja mstaafu, imeegeshwa nyuma ya banda.

“Shikamoo mzee. Ile pikipiki unaiuza?”

“Marahaba, kijana. Ile si pikipiki tena, ni kitanda cha kuku. Ukinihamishia kuku, tutaelewana.”

Tukaelewana. Nilitaka ifanane na skrambla (pikipiki za mbio za njia mbovu) za miaka ya 1970: hakuna taa, hakuna indiketa, eksozi ya mbio, kichwa cha silinda kimepunguzwa kidogo, matundu ya silinda yamelainishwa kwa faili na msasa. Karakana yangu ni chumba cha nyuma hapa Iyunga. Nina jiliwa, meza nzito ya mbao za paini kutoka Sao Hill, na geji ya saa ya kupimia taiming (wakati plagi inapotoa cheche) ambayo kusema kweli ni ya kuazima.

Kabureta iliyokuja na pikipiki ilikuwa Mikuni vilevile, ya mdomo mdogo. Uzee wake ulikuwa kwenye slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka kufungua njia ya hewa: imelika ubavuni, hewa inapenya pembeni, silensa (mwendo wa injini ukiwa huvuti mafuta) inapanda yenyewe ukisimama. Hakuna skrubu inayoponya slaidi iliyolika. Ndipo nikaagiza VM28, yenye mdomo wa milimita 28.

Ikafika, na kwa utengenezaji sina neno baya. Bodi yake imemiminwa kwa usafi, slaidi inateremka yenyewe kwa uzito wake bila kukwama, boya limekaa sawasawa. Hii ni familia ileile ya kabureta za slaidi ya mviringo zilizofungwa kwenye Yamaha za mbio. TZ350 ilivaa mbili za milimita 34, na ni Yamaha ya cc 350 iliyompa dereva Mwitaliano Giacomo Agostini ubingwa wa dunia wa daraja hilo mwaka 1974. Sisemi DT yangu ni ndugu ya karibu wa ile ya Agostini. Nasema tu kwamba umbo hili limeshajibu maswali magumu kuliko yangu.

Kuifunga ni habari nyingine. Mpira wa kuunganishia haukulingana na mlango wa silinda yangu, nikapeleka kipande cha alumini kwa fundi wa kukereza vyuma pale SIDO (shirika la viwanda vidogo), Mwanjelwa, akanitengenezea kiunganishi. Kazi safi, bei ya kawaida, na alipima mara mbili kabla ya kukata. Waya wa mafuta, ule unaovutwa na mpini wa mkono, nao ulileta kazi, kwa sababu kwenye DT waya huo hugawanyika: mmoja kwa kabureta, mwingine kwa pampu ya oili, ule mfumo Yamaha wanaouita Autolube. Mimi pampu nimeitoa. Nachanganya oili ya 2T na petroli mwenyewe kwenye dumu, moja kwa ishirini na tano. Wapo watakaonipinga hapo, na hoja zao zina uzito. Pampu ikiwa nzima ni kitu cha akili. Pampu ya miaka hiyo yote, iliyolala chini ya kuku, siiamini.

Sasa jeti, ambazo ndizo sababu ya maandishi haya.

Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na ya Dar es Salaam. Kabureta haijui hilo. Inapitisha petroli kana kwamba iko ufukweni, kwa hiyo injini inapata mafuta mengi kuliko hewa: moshi mzito, plagi yenye masizi, na ukivuta mafuta yote injini inagugumia badala ya kupiga kelele. Vijana wengi wakiona hivyo wanasema “taiming imekufa” na kuanza kuhangaika na sumaku, kumbe ni jeti tu.

Upungufu wa hewa haudai jeti ipunguzwe kwa kiasi kilekile. Hewa ikiwa pungufu kwa asilimia 15, jeti kubwa hupunguzwa kwa karibu asilimia 8 hivi, kwa sababu mvuto wa hewa kwenye koo la kabureta nao umeshuka na tayari umepunguza petroli kidogo. Kwa mfano injini inayotaka jeti namba 175 pale Dar, huku itataka 160 au karibu na hapo. Na mniamini, farasi (nguvu za injini) waliopotea kwa uwembamba wa hewa hawarudi kwa jeti. Jeti inarudisha uwiano, basi. Anayekwambia DT yake inakimbia Mbeya sawa na Tanga amebadilisha silinda au anaongopa.

Uzuri wa VM ni kwamba kila sehemu ya kuvuta mafuta ina mwenyewe. Chini kabisa ni jeti ya silensa pamoja na skrubu ya hewa. Ukianza kufungua, mkato wa slaidi (pale ilipokatwa chini) unachukua usukani hadi karibu robo. Kuanzia robo hadi robo tatu ni sindano inayoning'inia kwenye slaidi, na klipu yake ina vijinafasi vitano: ukiishusha klipu, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Jeti kubwa inatawala mwishoni tu. Ndiyo maana mtu anayeendesha mjini, asiyewahi kufungua mafuta yote, anaweza kubadilisha jeti kubwa mwaka mzima asione tofauti. Mimi huanza juu nikishuka: jeti kubwa kwanza, halafu sindano, mwisho silensa. Hutia alama kwa wino kwenye mpini wa mafuta na kwenye kifuko chake, ili nijue mkono uko robo au nusu, kwa sababu mkono hudanganya.

Kusoma plagi nako kuna utaratibu. Unafunga plagi mpya, unapasha injini, unafungua yote kwenye gia ya juu sehemu ndefu iliyo wazi (mimi natumia njia ya shamba la ndugu yangu upande wa Inyala, siyo barabara kuu ya malori ya Zambia), kisha unazima moto na kubana klachi kwa pamoja, unaacha iserereke. Ukiachia mafuta taratibu halafu ndiyo uzime, unasoma plagi ya silensa, si ya mbio. Wazee watakwambia utafute rangi ya chai ya maziwa kwenye kauri. Kwa petroli ya siku hizi isiyo na risasi, rangi hiyo hudanganya. Kauri hukaa nyeupe hata mafuta yakiwa ya kutosha. Angalia chini kabisa kauri inapoingia kwenye chuma, kwa tochi na kioo cha kukuzia, utaona pete nyembamba ya masizi. Pete ikiwepo, uko salama. Isipokuwepo, usiendelee kuvuta. Natumia NGK, ambazo namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, na kwa injini hii nimetoka 8 kwenda 9.

Haya yote hayaelezeki bila eksozi. Ile yangu imetengenezwa kwa koni za bati zilizochomelewa moja moja: inapanuka, inatulia, inabana tena, ndipo mkia mwembamba. Kazi ya umbo hilo ni kurudisha mgandamizo wa sauti ili usukume nyuma mchanganyiko mpya uliotaka kutoroka kabla pistoni haijafunga tundu. Aliyeigeuza kuwa sayansi ni Mjerumani wa Mashariki, Walter Kaaden wa kampuni ya pikipiki ya MZ, ambaye kufikia 1961 injini yake ya cc 125 ilikuwa inatoa farasi 25, yaani 200 kwa lita, bila tabo (turbo). Mwaka huohuo dereva wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden akaenda na ujuzi ule Suzuki, na 1962 akawapa Wajapani hao ubingwa wa dunia wa cc 50. Kila eksozi yenye tumbo unayoiona kwenye mipigo miwili ina damu ya Kaaden. Kwa mtu wa kabureta maana yake ni moja: eksozi inapoanza kushika, injini inameza ghafla, na jeti iliyotosha kwenye eksozi ya kawaida inakuwa ndogo. Tengeneza eksozi kwanza, ndipo ununue jeti. Anayefanya kinyume ananunua mara mbili.

Kipimo cha kweli cha kabureta hii kwangu ni barabara ya Uyole, Tukuyu, Kyela. Inapanda zaidi ya mita 2,000, halafu inateremka hadi karibu mita 500 jirani na Ziwa Nyasa. Sijui kama kuna sehemu nyingine nchini inayoikagua kabureta hivyo kwa asubuhi moja. Kule juu, jeti ya 160 inakuwa nzito kidogo, injini inavivia. Tukuyu inatulia. Ukishuka kuelekea Kyela inaanza kuimba, nyepesi, kali, unaona raha, na hapo ndipo hatari ilipo. Injini ya mipigo miwili hupata nguvu tamu kabisa muda mfupi kabla ya kukosa mafuta na pistoni kukwama. Hewa ya bondeni ni nzito, petroli haijaongezeka. Joto la Kyela linapunguza tofauti kiasi, lakini hesabu yangu bado inadai hatua mbili, 170, na ndivyo plagi inavyosema. Kwa hiyo nasimama Tukuyu, nafungua kibakuli cha chini, nabadilisha jeti. Kwenye VM ni kazi ya dakika chache bila kushusha kabureta nzima, na hiyo ndiyo sifa yake ninayoipenda kuliko zote.

Mteremko una hatari nyingine kwa sisi tuliotoa pampu: oili inakuja na petroli, ukifunga mafuta na kuacha injini ikuzuie mlima mzima, unaizungusha kavu. Bana klachi, au vuta mafuta kidogo mara kwa mara.

Baridi pia inahesabika. Asubuhi za Julai huku huwa zinahitaji hatua moja zaidi ya jeti kuliko mchana wa Novemba.

Kuhusu ununuzi. Jeti orijino ya Mikuni ina alama ndogo ya mraba ndani ya mraba, imegongwa safi. Feki ni nyingi, na ubaya wake si kwamba ni mbovu. Ubaya ni kwamba 160 yake inaweza kuwa kubwa kuliko 165 yake, sasa unatuni nini? Boksi la kwanza niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, zikaja za kichwa cha mviringo wakati kabureta yangu inataka za pembe sita, na nusu hazikuwa na alama. Fedha ilirudi baada ya kusukumana sana. La pili lilitoka kwa muuzaji mwingine, likawa sawa. Na tafadhali, usiingize waya kwenye jeti kuizibua. Hewa ya pampu inatosha; waya unakwangua shaba na namba iliyoandikwa juu inakuwa uongo.

Kama wewe ni wa bodaboda na umeona maneno “inaongeza nguvu” mahali, acha. Hii haitakuletea abiria, itakunywea mafuta, na bei yake ni mara kadhaa ya kabureta ya Boxer.

Mimi nitaendelea nayo. Kilichobaki ni silensa ya asubuhi, ambayo bado inasumbua hadi injini ipate moto. Nadhani mkato wa slaidi wa 2.5 ni mwingi na natafuta 2.0. Jeti za 200 kwenda juu zilizokuja kwenye boksi sijazigusa, na kwa injini hii huku Mbeya sitazigusa. Mtu wa Dar au Tanga anayejenga injini kubwa zaidi, mwenye 155 na 145 za pembe sita zimelala tu, tubadilishane.