Mhandisi wa Wi-Fi: wa mkataba au wa kudumu?
Kama kazi ni moja tu, yaani kupima jengo, kupanga chaneli (mikondo ya masafa ambayo vituo hutumia) na kufunga vituo vya Wi-Fi (vifaa vinavyorusha mawimbi), chukua wa mkataba. Huja na vifaa vyake vya kupimia, na vifaa hivyo si rahisi kwa bei. Ila mkataba useme wazi: atakabidhi mafaili halisi ya vipimo, si PDF tu, na atapima tena jengo likiwa na watu na samani. Jengo tupu hudanganya. Miili na makabati hunyonya mawimbi, na ile nguvu ya mawimbi ya -67 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) aliyoahidi kwa simu za sauti huporomoka.

Wa kudumu anafaa pale malalamiko yanapokuja kila wiki. Vyeti ni dalili nzuri, si ushahidi. Kwenye usaili mpe hali hii: vituo 12, vyote vimewekwa nguvu ya juu kabisa kwenye masafa ya 2.4 GHz, simu inaonyesha mawimbi kamili, lakini sauti inakatika. Akisema "ongeza kituo", mshukuru na umwite anayefuata. Anayejua atapunguza nguvu, maana simu inakisikia kituo cha mbali ambacho chenyewe hakiisikii vizuri. Kisha atabaki na chaneli 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani, na kwenye baadhi ya vituo atazima redio za 2.4 GHz.