Uzoefu wangu: kujifunza foili ya kafi Diani, kusi ikiwa imeshika

Nilichukua kozi ya siku tano hapa Diani mwezi wa saba, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, imeshika kweli kweli. Kwa asiyejua, ni ule ubao wa kusimama na kafi lakini chini una mlingoti na mabawa, hiyo ndo foili, ukipata mwendo unanyanyuka juu ya maji na hapo hutaki tanga wala injini, unateremka tu na mawimbi ya upepo. Hiyo ni kwa mdomo. Mimi kaiti, ule ubao wa kuvutwa na tiara, nimecheza miaka mitatu nikajiona fundi, na siku mbili za kwanza sikunyanyuka hata mara moja wallahi.

Ubao walionipa wenye kozi mrefu mwembamba, futi 7 na inchi 10 kwa inchi 20, lita 115, na mimi nina kilo 82. Kusimama pale ni kama umepanda gogo la mnazi linaloelea. Bawa la mbele walinipa kubwa, nashukuru, maana dogo linataka kasi ambayo mwanafunzi hana. Kosa langu ilikuwa nguvu, napiga kafi mpaka mabega yanawaka na ubao umelala tu, kocha akanicheka, "We kaka, bahari haichapwi, ngoja ikuinue." Yaani unasubiri wimbi linyanyue mkia wa ubao, hapo ndo unapiga kafi fupi fupi za haraka huku magoti yanapampu, ukichelewa kidogo tu wimbi limeshapita unabaki unatazama mgongo wake.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni saa moja ya kuvutwa na boti. Peke yako unahangaika asubuhi nzima upate sekunde mbili hewani, utajifunza nini kwa sekunde mbili? Nyuma ya boti nilikaa juu dakika nzima, nikajua uzito unaenda mguu wa mbele, ukiegemea nyuma tu foili inachomoka na unaipata ya uso. Helmeti usivue.

Sasa lawama. Siku ya tatu ilikuwa bamvua, maji yanajaa na kupwa kuliko kawaida, na wao wakaniwekea darasa saa tatu asubuhi, mtu yeyote wa pwani hii anajua bamvua saa nne maji yamekupwa, mlingoti una sentimita 75 na ndani ya mwamba maji yananifika magotini! Nikakwaruza bawa kwenye mawe, nikakanyaga wale wadudu wa baharini wa miiba myeusi, halafu nikadaiwa pesa ya mkwaruzo. Tulibishana, nikalipa nusu. Angalieni jedwali la maji wenyewe, msimwachie mtu wa mapokezi.

Siku ya mwisho tukaingilia Galu, kusini mwa Diani, maji yamejaa, kusi inatusukuma kurudi Diani. Nilinyanyuka mara nne, ya mwisho kama mita mia mbili hivi, kimya kabisa, unasikia upepo tu na kamlio kembamba ka foili. Nilipoanguka kulikuwa na mzee kwenye ngalawa yake, akaniangalia weee, akaniuliza, "Mwanangu, hicho chombo mbona kina nanga chini?" Shikamoo tu ndo ilinitoka, pumzi sina.

Nyota nne, moja nimekata ya lile darasa la saa tatu. Kurudi na ubao jipangeni, wangu ulisafiri kwa tuktuk nusu uko nje na dereva akanitoza kama abiria wawili.