Karani ndani ya Wayfarer

Kitabu nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba kwenye barabara ya Tom Mboya, Nairobi, shilingi 350, jalada limekunjika pembe. Jina ndilo lililonivuta: The Long Way to a Small, Angry Planet, cha Becky Chambers wa Marekani. Alikitoa mwenyewe mwaka 2014 kwa michango ya watu mtandaoni, na mwaka 2019 mfululizo mzima unaoanza na kitabu hiki ukashinda Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za kisayansi.

Mimi ni karani wa stoo huku Industrial Area. Nilipoona kuwa Rosemary, tunayepanda naye chombo cha anga ukurasa wa kwanza, ameajiriwa kazi ya ukarani, si rubani wala askari, nilikaa vizuri kitini. Wayfarer ni chombo kikuukuu kinachotoboa njia za mkato kati ya nyota. Nahodha Ashby anataka kandarasi kubwa zaidi, na hawezi kuzipata bila mtu wa kunyoosha makaratasi. Sijawahi kusoma hadithi ya anga inayoliheshimu jambo hilo.

Rosemary amekuja na jina jipya, analikimbia jina la babake. Sissix, rubani, ni kiumbe kama mjusi mwenye manyoya kichwani, na kwao mtu ana familia tatu: ya yai, ya unyoya na ya nyumba. Aliyetaga yai siye anayelea. Wanaolea ni wazee wa nyumba. Dr. Chef ana viungo sita, vyote mikono na miguu kwa wakati mmoja, na ndiye daktari na mpishi. Watu wa jamii yake walimalizana vitani, wamebaki wachache sana, na mabinti zake walikufa huko. Niliposoma akisimulia hayo nilikuwa kwenye matatu, foleni ya Pangani haisogei, na nilifunga kitabu nikatazama dirishani mpaka tukafika Roysambu.

Corbin ndiye asiyependwa. Mkali, mchoyo wa maneno mema, anajali tu mwani wake, anaoukuza uwe mafuta ya chombo. Kisha sheria inamkamata, na ili atoke lazima mtu akubali kisheria kuwa mlezi wake. Anayekubali ndiye aliyekuwa akimchukia kuliko wote. Hawapatani kesho yake. Wanaendelea kukwaruzana, lakini jina limeshaandikwa.

Hapo kitabu kilinishika kabisa. Nimelelewa kwenye ploti ya milango kumi na miwili na mfereji mmoja, Kariobangi South. Mama alikuwa zamu za usiku. Nilipoitiwa fomu ya kidato cha kwanza, aliyetia sahihi penye ‘mzazi au mlezi’ alikuwa Mama Ciku wa mlango wa saba, unga wa chapati ukiwa bado vidoleni. Fomu ile ilikwenda na alama ya mafuta. Chambers anaijua alama ile.

Anayetafuta vita na mbio hatatosheka: safari ni ndefu, na sura nyingi ni watu wanaokula na kuzungumza. Kurasa hamsini za mwanzo zina majina mengi ya viumbe, vumilia. Kinachonisumbua kweli ni Ohan, anayeongoza njia kwa nguvu ya virusi vinavyomfupishia maisha. Mmoja wa wenzake chomboni anaamua juu ya mwili wa Ohan bila idhini yake, na mwandishi anapita hapo haraka mno. Familia pia huumiza kwa kupenda. Nilitaka tukae na uchungu huo, tumsikie Ohan mwenyewe.

Hata hivyo nimekisoma mara mbili. Sasa kiko kwa Ciku, ambaye hunitumia ujumbe kila jioni akishafunga kibanda cha M-Pesa. Jana ameniandikia kwamba hamtaki kabisa yule mzee wa mwani. Sijamwambia kitu.