Vifaa vya kukwea miti: kipi ununue kwanza hapa Mombasa na kipi ukiache dukani

Wakwezi wa zamani hawana haja na haya maneno, wao kitanzi cha kamba miguuni, vidato vya panga kwenye mnazi, juu mpaka kwenye makuti, wakimaliza kuangua wanashuka wanatoboa dafu. Mi naongea na wewe ambae kazi yako siku hizi ni kompaundi za Nyali na Shanzu, kupogoa minazi ya hoteli nazi zisimwangukie mgeni kichwani, kuangusha mwarobaini uliolalia paa la mtu, na mwenye nyumba kabla hajakupa kazi anauliza una mkanda ama huna.

Watu wengi wakinunua huangalia bei tu. Wachache wanaangalia uimara. Alafu kuna mazoea, yaani umezoea duka fulani ama jina fulani basi unabeba tu bila kugeuza lebo, na hapo ndipo pesa nyingi hupotelea.

Namba moja kwangu ni hanesi, yaani ule mkanda wa kuvaa mwilini, mpya ya kazi kutoka kwa maduka ya vifaa vya usalama yanayouzia watu wa bandari na wa mijengo. Sio nzuri kuliko zote, ila ndio inayolingana na mfuko wa fundi na unaipata leo leo. Lakini angalia pete! Hizi za bei ya chini za elfu tatu nne sana sana zina pete moja tu mgongoni, hio ni ya kukudaka ukianguka, haikai mtu akafanya kazi, ukiiegemea inakuinamisha mbele na panga mkononi, utakata nini hapo. Unataka pete mbili za ubavuni za kufunga lainyadi, ile kamba fupi inayozunguka mti, na ukipata na ya mbele chini ya kitovu ndio bora. Kwenye lebo tafuta namba za viwango vya Ulaya, EN 361 ambayo ni ya kuzuia anguko, EN 358 ya kukushika ukiwa kazini, na EN 813 ndio ile ya kukalia. Lebo haina namba, haina mwaka wa kutengenezwa, mwambie asante ondoka zako.

Namba mbili ni zile za miti hasa zinazoagizwa nje, za kampuni ya Petzl na wenzake. Raha yake usipime, unakaa saa nzima kwenye mwembe miguu haifi ganzi. Shida ni kwamba unaongelea mamia ya dola hata kabla ya usafiri na ushuru, na ukinunua kifaa kimoja kinakuvuta kwa kingine, mfano Zigzag yao, kile kifaa cha kupandia na kushukia kwenye kamba, inataka kamba ya milimita 11.5 mpaka 13, kwa hivyo kamba zako zote kuanzia hapo zitafuata unene huo utake usitake. Kama unapanda kila siku na kazi zako ni miembe na mikwaju yenye matawi ya kuhamahama, nunua, itajilipa. Kama ni minazi ya msimu, hapana.

Tatu naweka mashine ya kukwea mnazi, ile waliyobuni Kerala kule India, fremu mbili za chuma kila moja na waya unaozunguka gogo, unainua mguu huu unashusha ule. Fundi wa jua kali akionyeshwa anaweza kuiga, ila kagua welding na huo waya kabla ya kupanda. Ni ya mnazi ulionyooka tu, ule uliopinda kuelekea baharini sahau, na mkanda bado uvae.

Nne, mitumba. Hanesi ya mtumba hujui imeanguka na nani, imekaa juani miaka mingapi, imemwagikiwa asidi ya betri ama la. Petzl wenyewe wanasema vitu vyao vya nguo na plastiki mwisho miaka 10 toka vitengenezwe hata kama vilikuwa kabatini, vyuma ndio havina kikomo. Basi mtumba chukua chuma kilicho safi, nguo waachie.

Mwisho kabisa, na kusema kweli haifai hata kuwepo, ni mkanda wa kushonwa na fundi viatu pamoja na kamba ya manila ya hadiwea. Hio manila ni plastiki, jua la huku linaikausha mpaka inatoa unga ukiipitisha kiganjani, na ikisuguliwa kwa kasi kwenye gogo inayeyuka. Ya katani haiyeyuki ila inaoza na unyevu, inaoza ndani wakati nje inaonekana nzima. Mbuzi sawa, mtu hapana. Kamba ya kupandia iwe ile yenye moyo ndani na ganda nje, milimita 11 kwenda juu.

Karabina ni zile pete za chuma zenye mlango, za kuunganishia kamba na hanesi. Za kuning'inizia funguo nyingi huwa zimeandikwa kabisa sio za kupandia, watu hawasomi. Ya kweli imechongwa kN, yaani kilonyutoni, kipimo cha nguvu, na kN moja ni kama kilo mia, kwa hivyo 22 ni tani mbili na kitu. Na iwe ya kujifunga yenyewe.

Lainyadi usibane pesa. Sisi huku tunakata na panga, na panga ikiteleza kwenye kuti inakuja palepale kamba ilipo, kwa hivyo chukua yenye waya wa chuma ndani na wakati wa kukata ujifunge sehemu mbili. Vyuma vya miguuni vyenye mwiba wala usihangaike navyo kama mti unabaki, mnazi ukitobolewa haufungi kidonda, tundu linakaa maisha.

Alafu chumvi. Hii ndio inayoua vifaa vya Mombasa kuliko kazi yenyewe. Karabina ya aluminamu ikikaa wiki kadhaa karibu na bahari utaona unga mweupe kwenye bawaba, mlango unafunga nusu, unadhani umeingia kumbe uko wazi. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, na sio ya kisima, manake visima vingi vya hapa vina chumvi vilevile, tumia ya mferejini ama ya mtungi, anika kivulini, tia tone la oili kwenye bawaba.

Sasa mazoea. Kuwa mteja wa duka moja sio vibaya, unapunguziwa, unakopeshwa, lakini wahenga hawakukosea kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, duka likijua hutoki linakutolea ile hanesi iliyokaa dirishani juani mwaka mzima. Mimi dukawalla nampima kwa vitu viwili. Anakubali nifungue mfuko nisome lebo na nivae hanesi ning'inie kwenye boriti kabla ya M-Pesa? Na mshono ukiachia wiki ya kwanza anabadilisha ama anaanza kunitafutia makosa? Akipita hapo narudi hata kama amezidi mia tano. Jina la kampuni halinihusu, mradi mwaka ujao atakuwa bado anauza lainyadi ya kubadilisha ile niliyokata na panga.