Ofisi ya makadirio Chake Chake: kwanza yangu, kisha ya mume wangu

Nimekwenda mara mbili, kwa hivyo nasema niliyoyaona mwenyewe.

Ni chumba kimoja juu ya duka la madaftari, si mbali na soko la Chake. Ngazi za mbao, benchi la wateja, feni moja inayomwelekea kijana mwenye ofisi, kompyuta na printa. Anawajazia watu makadirio ya TRA, yaani makisio ya kodi ya mapato ya mwaka kwa mamlaka ya kodi ya Tanzania, pamoja na maombi ya leseni na barua za skuli. Makadirio ni shilingi 10,000, kuchapisha ni 500 kila ukurasa.

Mimi nauza khanga na vitambaa. Mwaka 2025 Machi karibu yote ilikuwa Ramadhani, na siku ya mwisho ya makadirio, tarehe 31, ikaangukia Idd. Aliyewahi kuuza nguo katika kumi la mwisho la Ramadhani anajua: hata tende ya kufuturia unaila umesimama. Basi nikajihimu mapema, tarehe 17, na daftari langu la mauzo kwapani. Nusu saa nilikuwa nimemaliza. Kijana alijumlisha kurasa zangu, mauzo ya mwaka mzima yakatoka milioni 6. Akanieleza kwamba mauzo yasiyozidi milioni 4 hayana kodi, na kutoka hapo mpaka milioni 7 mwenye kumbukumbu za mauzo analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Asiye na kumbukumbu anakadiriwa 100,000 moja kwa moja. Yangu ikawa 60,000, yaani 15,000 kila miezi mitatu. Daftari la shilingi 2,000 limeniokolea 40,000, na mimi siku zote nilikuwa naliona mzigo.

Nikamwambia, haya mwanangu, sasa tia na ya baba watoto humo humo. Mume wangu ana duka la spea za pikipiki Wete, na karatasi ya mauzo yake nilikuwa nayo mkobani, milioni 6 na nusu.

Akacheka. "Humo humo haiingii, mama. Yeye ana TIN yake, namba yake mwenyewe ya mlipakodi."

Na 10,000 yake, bila ya punguzo. Nikamwambia sisi ni mume na mke, tunakula sinia moja. Akasema TRA hawaulizi sinia.

Nilikasirika, sikatai. Miaka ya nyuma kuna mtu, simtaji, alitujazia mauzo yetu sote kwenye TIN yangu "ili msisumbuke", nami nikamshukuru kwa ihsani. Kijana akageuza karatasi akanipigia hesabu kwa kalamu. Milioni 6 ukiongeza 6 na nusu ni 12 na nusu, hapo nimeruka madaraja mawili ya kodi peke yangu. Na huku TIN ya mume wangu inaonekana haijajaziwa kitu, anayekuja kuandikiwa faini ni yeye. Kila mtu akiwa na yake, mimi 60,000, yeye 75,000, basi. Ile 10,000 ya pili ikaniingia akilini.

Bwana mmoja pale benchini akauliza, na mwenye wake wawili, wote wana maduka? "Makadirio matatu, ami." Bwana akanyamaza, akaanza kujipepea na kofia.

Lakini siku ile hakuijaza. Alitaka mume wangu mwenyewe aseme kwa simu kwamba ameridhia, na namba za siri za kuingilia ziende kwenye simu ya mume wangu. Nikarudi Alkhamisi ya tarehe 27, duka nimemwachia binti yangu na wateja wamejaa mpaka mlangoni. Mume akaridhia. Kijana akabonyeza, tukangoja. Wete hakikuingia kitu. Akabonyeza tena, kimya. Ndipo mume wangu akakumbuka kwamba TIN aliisajili kwa laini yake ya zamani, na laini ile alimpa mama yake Konde, iko kwenye kitochi.

Hapo ndipo nilipompima kijana. Mama mkwe akapokea, akanisalimu, akaulizia watoto mmoja mmoja, akauliza futari ya leo ni nini. Mama, kuna ujumbe umeingia? Upo, mwanangu, lakini miwani iko ndani. Miwani ilipopatikana, namba zimeshakwisha muda. Tukaomba nyengine, akatusomea namba ya aliyetuma. Mara ya tatu mjukuu alikuwa karudi chuoni, akazisoma moja moja, na tukaingia. Ilikuwa saa nzima. Kijana hakuguna, hakuongeza bei, na watu wa benchini aliwaomba radhi yeye, si mimi.

Dosari zipo. Hatoi risiti! Huyu aliyenifundisha thamani ya daftari, 10,000 yangu aliiandika kwenye kipande cha boksi. Ikifika Adhuhuri anafunga bila ya kubandika tangazo, na wa kutoka mbali anaona kufuli. Tena kontro namba zetu mbili, zile namba za kulipia kodi, alizichapisha ukurasa mmoja, majina kwa herufi za sisimizi, nusura nilipe yangu mara mbili na ya mume ibaki. Mwambieni atenge karatasi, hiyo 500 ya ziada toeni.

Na mkienda, mjue mnachokwenda kufanya. Niliwaona wawili wamekuja na karatasi za ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, wakidhani ni kitu kimoja. Kodi ya mapato ni ya Muungano, iko TRA hata huku kwetu, na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya mauzo ya hapa ni ya ZRA. Anazifanya zote, bei mbali mbali, kwa hivyo muulizeni kabla hajawasha kompyuta.

Nampa nyota nne, ya tano nitampa siku atakayonipa risiti. Mume wangu aliambiwa apeleke kitambulisho TRA wambadilishie namba ya simu, akasema baada ya Idd. Juni ilipokuwa inakwisha mama mkwe akanipigia: mwanangu, kuna ujumbe mwengine huku wa hao watu wenu, na miwani leo siioni.