Mbegu ya ukame: ipi ya kubeba ushago kabla mvua ya Oktoba

Wasee wa Nairobi wenye shamba Machakos, Makueni ama Kitui, mvua ikikaribia mnaingia agroveti mnaitisha "mbegu ya ukame" na jamaa wa kaunta anawapatia ile imejaa stoo yake. Muulize kwanza, hii inakimbia ukame ama inaustahimili? Ya kukimbia inakomaa mapema kabla mvua ikatike, lakini ikikatika katikati mahindi yakitoa maua, nayo pia inaumia. Ya kustahimili imechaguliwa kwa shida hiyo hiyo: watafiti huko Kiboko, Makueni, wanapanda kiangazi, wanamwagilia, halafu karibu na kuchanua wanafunga maji na kuangalia ni mahindi gani nywele zake hazichelewi kutoka, kwa sababu zikichelewa, maua ya juu yashamwaga unga wote na wewe unavuna gunzi lenye mapengo.

Kwa Ukambani kwenye mvua fupi mimi napanga hivi.

1. Duma 43. Haibridi ya mahindi ya mapema, na karibu kila agroveti huko iko nayo.

2. DH02 na DH04, za kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos. Ni za mapema pia, chukua hizi kama mvua ya kwenu haipiti miezi miwili na kitu.

3. DroughtTEGO. Hizi zilianza kutolewa Kenya 2013, kutoka mradi wa mahindi ya ukame wa WEMA, wa mashirika ya utafiti wa kilimo AATF, CIMMYT na KALRO. Kustahimili zinastahimili, ila zinataka msimu mrefu kidogo, kwa hivyo pale mvua inakaa zaidi ningezipandisha namba moja.

4. Mahindi ya Katumani yenyewe, si haibridi, ile mbegu ya tangu miaka ya 1960. Mavuno ni madogo kuliko haibridi lakini unaweza kuweka mbegu ya msimu ujao, na ukijaribu hivyo na haibridi mavuno yanashuka vibaya.

5. Mtama wa Gadam. Kwa ukavu unashinda yote hapo juu, unakomaa kama miezi mitatu, na EABL wananunua wa kutengeneza bia. Sasa mbona namba tano? Ndege. Lazima mtu awe shambani alfajiri mpaka jioni, na wewe unalima kwa simu ukiwa Umoja! Kama mama ama shosho yuko nyumbani na ana nguvu za kufukuza ndege, sogeza juu kabisa.

Mahindi ya H614 acha huko Kitale, inachukua miezi sita na zaidi.

Ekari moja ya mahindi inataka kilo 10 hivi, yaani paketi tano za kilo mbili. Usiende kununua mahindi ya kula Nyamakima ukayapanda. Na kabla utoke dukani kwangua stika ya KEPHIS, wale wakaguzi wa mbegu wa serikali, kwa kila paketi, tuma ile namba kwa 1393, meseji ikirudi na jina tofauti na lile limeandikwa kwa paketi, rudisha hapo hapo.