Palm ya ami na J-Pilot: uzoefu wangu hapa Lamu

Nasimamia nyumba sita za mtaa wa Mkomani ambazo wenyewe hawakai Lamu. Kila nyumba ina fundi wake wa chokaa, ina boriti za kukaguliwa, ina wageni wa kuingia na kutoka. Yote hayo nayaandika kwenye Palm Tungsten E, kompyuta ndogo ya mkononi, niliyorithishwa na ami alipoiacha kazi hii. Kifaa kilitoka 2003, kina megabaiti 32, na kumbukumbu yake hutegemea betri. Betri ikiisha kabisa, kila ulichoandika kimekwenda.

Nilijua, na bado likanifika. Msimu wa Maulidi nyumba zote zilijaa, nikaisahau Palm kwenye mtoto wa meza bila chaji. Nilipoiwasha ikaniomba niguse alama za kurekebisha kioo, kama imetoka dukani siku hiyo. Majina zaidi ya 200 ya mafundi, wenye punda na manahodha, mengine ameyaandika ami kwa mkono wake, halikubaki hata moja. Niliketi barazani mwili umeniisha nguvu.

Nakala nilikuwa nayo kwenye laptopu yangu ya Debian, aina mojawapo ya Linux, ndani ya J-Pilot, programu ya kusawazisha Palm na kompyuta. Programu hii ni huria, haidai akaunti wala intaneti, na kila kitu hukaa kwenye folda ya mashine yako mwenyewe.

Kuiweka mwanzoni kulinila jioni mbili, sitaki kumficha mtu. Linux ina moduli, yaani kipande cha mfumo, iitwayo visor inayoidaka Palm ya USB kabla J-Pilot haijaifikia. Nikaizuia kwa mstari mmoja katika /etc/modprobe.d, kisha kwenye mipangilio ya J-Pilot, mahali pa kutaja mlango wa kuunganishia, nikaandika usb: pamoja na nukta pacha zake. Ukizisahau nukta hizo utahangaika bure. Baada ya hapo ni kugusa HotSync, alama ya kuanzisha usawazishaji, kwenye kioo cha Palm, halafu upesi kubonyeza Sync kwenye kompyuta.

Vitufe vipo viwili, na tofauti yake ni kubwa. Sync husawazisha kalenda, anwani, orodha ya kazi na maandishi. Backup hufanya hayo, kisha hunakili na programu ulizoongeza mwenyewe. Hukawia zaidi, lakini mimi hubonyeza Backup kila mara.

Siku ile, kwa kiwewe, nilibonyeza Sync. J-Pilot ikakataa: Palm iliyofutika haina namba ya mtumiaji, kwa hiyo ikanielekeza kwenye menyu, Restore Handheld. Kukataa kule ndiko kulikonifanya niiamini. Nilichokuwa nakihofia ni utupu wa Palm kuingia juu ya nakala nzima. Nikafuata menyu, nikathibitisha jina, nikasubiri. Majina yakarudi, na tarehe za wageni, na vipimo vya milango. Kilichopotea ni maandishi ya siku nne tangu nakala ya mwisho, nikayakusanya upya kwa kupiga simu.

Anwani nimezitoa pia kwa mfumo wa vCard na kalenda kwa iCalendar, aina za faili ambazo programu nyingine huzifungua, ili zisomeke hata siku Palm itakapokufa. Faili hizo ziko kwenye flashi kwa dada yangu Malindi. Kila Alhamisi baada ya isha naunganisha waya, nachukua Backup, ndipo naenda kulala.